Kaka hataki kuiacha FL Studio, mimi nataka kuhamia Linux

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka Arua. Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wapenzi. Yangu ni ya kompyuta na ya ndugu, na mambo hayo mawili yameshikana kiasi kwamba siwezi kugusa moja bila kutikisa jingine.

Mimi ni binti wa miaka 29. Mimi na kaka yangu mkubwa tuna studio ndogo ya kurekodi, chumba kimoja nyuma ya duka la mama. Kaka anatengeneza biti. Mimi narekodi, namiksi, na ndiye ninayeongea na wateja. Wateja wenyewe ni wa aina mbili. Kuna kwaya za makanisa zinazokuja na adungu zao, vile vinubi vya kwetu, na zile kubwa nazifuata kanisani kwao na laptopu mkononi. Halafu kuna vijana wa dancehall wanaotaka biti ya kaka, sauti inyooshwe kwa Auto-Tune, na wimbo utoke siku hiyohiyo.

Kompyuta tunayo moja tu, ThinkPad T450 iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha tano, RAM GB 8. Kaka aliinunua Kampala. Ndani yake mna Windows 10, FL Studio (programu ya kaka ya kutengenezea biti) iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni, na plagini chungu nzima, zile programu ndogo za kuongezea milio, zilizokrakiwa pia, ambazo sijui zilitoka wapi. Kabla ya Pasaka virusi viliingia, faili zikabadilika majina na hazikufunguka tena. Kwaya moja ilikuwa imeshalipa nusu na kazi yao yote ilikwenda. Niliwarekodi upya bila malipo, lakini mwalimu wao wa kwaya hajaniangalia vizuri tangu siku ile.

Juu ya hayo, tangu Oktoba 2025 Windows 10 imeacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama. Tulijaribu kuweka Windows 11, ikakataa na kusema prosesa hii haikubaliki.

Likizo iliyopita binamu yetu anayesoma mambo ya kompyuta Kampala alikuja na flashi yenye Ubuntu Studio, toleo la Linux kwa ajili ya kazi kama zetu; Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Aliwasha laptopu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, tukachomeka saundikadi yetu, Focusrite Scarlett 2i2, ikatambuliwa palepale. Nilitega maikrofoni mbili nikarekodi adungu tatu na waimbaji wanne kwa Ardour, programu ya kurekodi iliyokuwemo. Shangazi, sauti ilikuwa safi, hakuna kukwamakwama, na hakuna kitu cha kukraki hata kimoja. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Binamu naye alifurahi, akamwambia kaka mbele ya wasanii wawili kwamba programu anazotumia ni za wizi na zimepitwa na wakati. Kaka hakujibu. Jioni ndipo aliponiambia kuwa Linux ni ya watu wa kompyuta, si ya wanamuziki, na siku nitakayoiweka ataondoka na biti zake.

Yeye ana mpango wake: tukope SACCO milioni mbili na nusu, tununue laptopu mpya yenye Windows 11, aendelee na FL. Mama ndiye atakayetudhamini. Mama anasema kaka ni mkubwa, nisishindane naye.

Na wakati huohuo kuna shirika linalotaka tuwatengenezee nyimbo za watoto kuhusu kunawa mikono na chanjo. Kwetu hiyo ni kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Fomu yao inauliza kama programu tunazotumia zina leseni. Sijaijaza.

Niambie, Linux inafaa kweli kwa kazi ya muziki, au nitajifungia mlango mwenyewe? Na nikiamua, nitamwambiaje kaka?

Fundi wa Sauti, Arua

*

Mwanangu Fundi wa Sauti,

Nimefanya kazi ya kurekodi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na nyumbani kwangu hadi leo natumia Linux kwa sauti, huku watu ninaoshirikiana nao wengi wakitumia Windows na Mac. Kwa hiyo unayoyaeleza nayafahamu kwa pande zote mbili, pamoja na furaha ile ya kuona saundikadi inatambuliwa bila kutafuta draiva.

Ninavyokuelewa, mna mashine moja iliyozeeka, mikono miwili yenye ujuzi tofauti, na kazi za aina mbili ambazo hazitaki vifaa vilevile. Juu yake kuna virusi vilivyokuaibisha mbele ya kwaya, fomu inayokuuliza swali usilopenda kulijibu, deni linalonukia, na mama aliyesimama katikati. Katika yote hayo, Linux imekuja kama jina la kutua mzigo. Nakuelewa. Ila nataka tuitazame mizigo mmojammoja, maana mingine Linux itaitua na mingine haiwezi.

Kwanza kuna jambo ulilolipita haraka. Kaka yako aliisikia habari ya Linux kutoka kwa binamu, mbele ya wasanii wake, ikiwa imefungwa pamoja na neno wizi. Hao wasanii wanamheshimu kwa sababu ya biti zile. Hakujibu pale, alisubiri jioni akasema na wewe faraghani. Mimi ninaposoma kitisho chake cha kuondoka, nasikia mtu aliyeguswa heshima zaidi ya mtu anayechukia mfumo wa kompyuta. Huenda nakosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini jiulize: je, amewahi kuambiwa habari ya Linux na mtu aliyetaka kujua yeye anahitaji nini?

Sasa tuje kwenye swali lako la kwanza. Kama Linux inafaa kwa muziki, jibu lake linategemea muziki gani, na unaufanya na nani.

Sifa mbaya iliyokuwa nayo kwenye sauti ilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi palikuwa na mifumo miwili isiyopatana, PulseAudio kwa matumizi ya kawaida na JACK kwa kazi ya studio. Ukiwasha mmoja, mwingine unanyamaza, na mtu angeweza kumaliza asubuhi nzima akipanga mipangilio kabla ya kurekodi chochote. Aliyejaribu wakati ule akakata tamaa hasemi uongo. Baadaye ikaja PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, ikachukua nafasi ya yote mawili: Fedora iliifanya ya kawaida 2021, Ubuntu ikafuata 2022. Na mwishoni mwa 2024 keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, toleo la 6.12 iliingiza rasmi kazi iitwayo PREEMPT_RT, iliyokuwa ikijengwa kando kwa miaka mingi, ambayo huisaidia mashine kuitikia kwa wakati unaotabirika. Ndiyo maana ulichokiona kwenye flashi ya binamu hakikuwa bahati.

Kwa kazi ya kwaya, mwanangu, nitasema bila kusita kwamba vifaa vipo na vimekomaa. Ardour ilianzishwa na Paul Davis, huyohuyo aliyeiandika JACK, na ni programu ya kurekodi na kumiksi kamili. Ninachokipenda zaidi ndani yake ni kwamba sauti unayorekodi inakaa kama faili za WAV ndani ya folda ya kazi, hivyo hata programu yenyewe ikigoma kufunguka, unaingia kwenye folda na kuzichukua. Ukirekodi kwa 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde, na bafa (fungu ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulishughulikia) ya sampuli 256, ucheleweshaji wa bafa hiyo ni milisekunde 5 na kidogo. Ukiipandisha hadi 1,024 unafika milisekunde 21, na ukijumlisha kuingia na kutoka, mwimbaji mwenye hedifoni ataanza kujisikia akijifuata nyuma. T450 yako haitasumbuka na 256 wakati wa kurekodi, maana kwaya kwa maikrofoni mbili haihitaji plagini nyingi. Wakati wa kumiksi ndipo unapandisha bafa. Na Scarlett yenyewe ina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie.

Nikiwa hapo niseme jambo linalonigusa, ingawa hukuliuliza. Adungu hutegwa kwa sikio, ndogo hadi kubwa, na waimbaji huifuata hiyo, hawafuati kinanda. Hata zikitegwa karibu kabisa na ngazi ya kinanda, kuna nyuzi zinazokaa juu kidogo au chini kidogo, na ndizo zinazoufanya mlio uwe wa kwao. Ukiinyoosha sauti ya kwaya kwa Auto-Tune, waimbaji wanatoka kwenye adungu zao na wimbo unachacha. Kwa hiyo upande huu Auto-Tune, ambayo Linux inaikosa, si kifaa utakachokililia. Linda maikrofoni zako, chagua chumba, omba mtu aliye karibu azime jenereta.

Upande wa vijana wa dancehall ni habari nyingine, na hapa kaka ana hoja ambayo nadhani hujaipa uzito wake.

FL Studio haitengenezwi kwa Linux. Kampuni yake, Image-Line ya Ubelgiji, inaitoa kwa Windows na Mac tu. Wapo wanaoiendesha ndani ya Linux kwa kutumia Wine, daraja la kufungulia programu za Windows, na wapo wanaotumia yabridge ili plagini za Windows zifunguke ndani ya programu za Linux. Nimeona vikifanya kazi vizuri kabisa, na nimeona sasisho moja dogo likivivunja. Kijana amelipa, amekaa kwenye benchi anasubiri wimbo wake. Kazi yake isitegemee daraja la aina hiyo. Auto-Tune ya Antares haina toleo la Linux, na Melodyne, ambayo nayo hunyoosha sauti, vilevile. Graillon ya Auburn Sounds ipo, ina toleo la bure na inafunguka kwenye Linux, nayo hunyoosha sauti. Haitatoa mlio uleule. Wapigie wateja wenu mfano mmoja bila kuwaambia kitu, usikilize watakachosema. Sikio lao ndilo linalolipa.

Zaidi ya hapo kuna ujuzi. Kaka ana miaka ya mkono uliozoea, anajua ngoma yake ya chini iko wapi, anajenga biti wakati msanii bado anaandika mashairi. Sisi watu wa kaskazini mwa Uganda tuna sababu ya kuheshimu ujuzi wa namna hiyo. Hapo Gulu, Leo Palayeng na Otim Alpha walichukua muziki wa harusi wa Waacholi, larakaraka, wakautia kwenye kompyuta, na mlio uliotoka pale ulisikika hadi Ulaya. Walikuwa na kompyuta ya kawaida na mikono iliyoijua programu yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo aanze upya ni kumwomba akubali kuwa mwanafunzi kwa muda mrefu, wakati kodi ya chumba na umeme haisubiri.

Nikivitazama vipande hivi viwili, naona barua yako imechukulia kuwa lazima mmoja ashinde. Je, ni lazima?

Studio nyingi hazifanyi kila kitu ndani ya programu moja. FL ina namna ya kutoa kila treki ya mikseri kama faili yake ya WAV, zote zikianza sekunde ya sifuri. Kaka atengeneze biti kwake, atoe treki zake, wewe uzipokee kwenye Ardour, urekodi mwimbaji juu yake na kumiksi. Hesabu nafasi lakini: treki moja ya stereo ya 24-bit kwa 48,000 Hz hula karibu MB 17 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye treki 16 unafika GB 1 na zaidi. Hizo zinabebwa kwa flashi au diski, msijaribu kuzituma kwa bando. Ubaya wa njia hii ni kwamba msanii akitaka ngoma ibadilishwe wakati mnamiksi, inabidi kaka arudi kwake, abadilishe, atoe upya. Inachosha. Kwa msanii anayetaka wimbo siku hiyohiyo, inachosha mara mbili. Na kwa mashine moja maana yake ni kuzima na kuwasha upya kila mnapobadilisha mfumo, jambo ambalo mbele ya mteja halipendezi.

Njia nyingine ni kutafuta programu inayofunguka pande zote mbili. REAPER ipo kwa Windows na kwa Linux, faili za kazi ni zilezile, wanakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni ya wenye kipato kidogo ni dola 60, yaani laki mbili na kitu. Bitwig ya Berlin imekuwa na toleo la Linux tangu ilipotoka 2014, na kwa namna ya kujenga biti iko karibu zaidi na mtu kama kaka yako, ila bei yake ni kubwa. LMMS ni ya bure na inafunguka hata kwenye Windows. Kwa kurekodi mwimbaji isiwe tegemeo lako, lakini biti ndiyo kazi yake, na anayetoka FL haoni giza kabisa. Sinthesaiza kama Surge XT na Vital nazo zipo pande zote. Ninazitaja kwa sababu mtu anaweza kuzionja akiwa hukohuko Windows, bila kuhama, bila binamu kusimama nyuma yake. Akizikataa baada ya kuzionja, utakuwa umepata jibu la mwanamuziki, tofauti na jibu la mtu aliyeaibishwa.

Naomba pia nihoji mambo mawili uliyoyachukulia kuwa wazi.

La kwanza ni virusi. Umeviweka karibu na Windows, nami naelewa kwa nini. Lakini uwezekano mkubwa ni kwamba viliingia kwa kraki au kwa flashi ya mtu. Kwenye Linux hatari hiyo inapungua sana, ni kweli. Hata hivyo diski ikifa, laptopu ikiibwa kwenye boda boda, au mtu akifuta folda, Linux haitakurudishia kazi ya kwaya. Diski ya nje inayokaa nyumbani kwa mama, na tabia ya kunakili kila jioni, ndiyo ingeiokoa kazi ile. Hilo lifanyike wiki hii, mfumo wowote mtakaouchagua. Tena ni lazima litangulie kabla hujamruhusu binamu kugawa diski ili kuweka mifumo miwili, kwa sababu hapo ndipo watu hufuta kila kitu kwa kubofya mara moja.

La pili ni uhalali. Linux ni halali na huru, lakini plagini iliyokrakiwa inabaki iliyokrakiwa hata ukiifungua ndani ya Linux. Na FL iliyonunuliwa ni halali kama Ardour ilivyo halali. Image-Line huuza leseni mara moja na kukupa matoleo yote yajayo bila malipo mengine. Kwa hiyo wewe na kaka mngeweza kukubaliana kuachana na kraki bila kukubaliana kuhusu Linux. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Wimbo wa kwaya ukichezwa na kuuzwa na mtu mwingine tunakasirika kwa haki, na aliyeandika programu ana haki ileile. Hilo naliamini, ila nisingemwambia kaka mbele ya wageni.

Kuhusu mkopo nina wasiwasi zaidi kuliko ulivyonionyesha wewe. Milioni mbili na nusu itanunua laptopu, sawa, lakini ikiwekewa kraki zilezile mtakuwa pale mlipokuwa, mkiwa na deni, na mama ndiye mdhamini. Kama mtakopa, ulizaneni mkopo unanunua nini hasa. Laptopu iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane huingia kwenye orodha ya Windows 11, na hugharimu pungufu ya mpya. Huenda tofauti ya bei ikalipia leseni ya FL, na T450 ikabaki mikononi mwako na Linux kwa ajili ya kwaya. Hapo kila mmoja ana mashine yake na hakuna anayemfukuza mwenzake kwenye kiti. Hatari yake ni marejesho ya kila mwezi: miezi ya mvua na ya ada za shule, wateja wanapopungua, mnajua mnaingiza kiasi gani?

Upo pia uwezekano wa kutokopa sasa. T450 haikufa siku Windows 10 ilipoachwa. Ikikatwa intaneti kabisa na kuacha kupokea flashi za wageni, itaendelea kutengeneza biti kwa muda, na Linux ikakaa kwenye sehemu nyingine ya diski kwa ajili yako. Hiyo inawapa muda. Lakini kraki bado zimo, na swali la fomu linabaki palepale.

Na kuna hatari moja ya Linux ambayo wapenzi wake, mimi nikiwemo, hatuisemi vya kutosha. Ni upweke. Ukikwama na FL, unauliza prodyuza yeyote mjini. Ukikwama na Linux Jumamosi usiku na kwaya inaingia Jumapili, binamu yuko Kampala. Ukiamua kuitumia kwa wateja, jifunze kuiweka mwenyewe tangu mwanzo, binamu akae pembeni akitazama mikono yako. Tumia toleo la muda mrefu, lile la LTS. Usisasishe chochote siku ya kuelekea kazi. Na weka ile flashi inayowaka yenyewe ndani ya mfuko wa maikrofoni, kwa sababu siku mfumo ukigoma, flashi hiyo itakuwezesha kurekodi.

Umeniuliza, “nikiamua, nitamwambiaje kaka?” Soma tena maneno hayo. Uamuzi umeutanguliza, kaka ameletewa taarifa. Huenda ndivyo ilivyo, nawe ni mtu mzima mwenye kazi yako. Lakini kama unataka abaki, pengine aingie kabla ya uamuzi. Nenda kwake peke yako, binamu asiwepo, na mama asiwekwe kuwa hakimu. Usianze na jina Linux. Mwambie kilichokuuma kwenye kazi ya kwaya iliyopotea, maana nadhani kilimuuma na yeye, ila anaogopa kulaumiwa kwa kuwa ndiye aliyeweka zile programu. Mwambie pia kwamba biti zake ndizo zinazowaleta vijana mlangoni, na kwamba alichosemwa mbele yao hukukipenda. Kama hukukipenda kweli, lakini. Kisha umwonyeshe fomu, umwache aisome mwenyewe.

Kwenye fomu, ushauri wangu ni kuijibu kwa ukweli na kwa kazi hiyo peke yake. Waulize shirika: wanataka kujua kila kilichomo kwenye kompyuta, au programu zitakazotumika kwenye nyimbo zao? Majibu hayo mawili ni tofauti, na ni bora yatoke kwao. Kama ni programu za kazi yao, nyimbo za watoto zinaweza kurekodiwa kwa adungu na sauti za watoto wenyewe ndani ya Ardour, na ukazitaja programu zako moja baada ya nyingine bila kuficha. Kama kaka ataweka ngoma, ni ndani ya programu ipi? Toleo la majaribio la FL humruhusu kutoa WAV lakini halimfungulii tena kazi aliyoihifadhi mpaka anunue leseni, kwa hiyo angelazimika kumaliza biti kwa kikao kimoja. Kwa mtu wa kasi yake hilo linawezekana. Ila soma kwanza masharti ya majaribio kuhusu kazi ya kulipwa, au mfanye hesabu ya leseni kutoka kwenye malipo ya awali, kama shirika linatoa.

Hujaniambia fomu inatakiwa lini. Kama siku ni chache, anza na hiyo pamoja naye kabla ya kugusa habari ya SACCO. Kisha niandikie kaka alisema nini kuhusu ngoma za nyimbo za watoto.

Shangazi